Mfuko wa hewa ya shinikizo wa kushona nyumbani: maswali kutoka Kirumba

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, ana mama mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Shemeji yake, fundi wa maturubai, anataka kushona mfuko wa kulala ndani na kuujaza upepo kwa kompresa ya pancha, akiamini hewa ya shinikizo itaponya kidonda hicho.

Tiba hiyo ipo kweli?
Ipo. Mgonjwa huingia kwenye chumba imara na kuvuta oksijeni safi, shinikizo likiwa mara mbili au zaidi ya lile la usawa wa bahari. Husaidia wazamiaji walioibuka haraka, waliovuta gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, na baadhi ya vidonda vya kisukari. Turubai lenye hewa ya kawaida halifiki huko. Mifuko laini ya kiwandani mingi huongeza kama 0.3 tu ya shinikizo la anga, na Mwanza, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, tunaanzia kama 0.87. Jumla haifiki hata 1.2.

Shinikizo hudhibitiwa vipi?
Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, wakidhani kazi ni kujaza na kufunga kama tairi. Hewa lazima iingie muda wote na itoke muda wote. Shinikizo ni matokeo ya mizani kati ya hizo mbili. Mtu aliyelala hutoa takriban mililita 200 za kaboni dioksidi kila dakika, na hewa isipotoka ataivuta tena yeye mwenyewe. Mfuko wa Gamow, unaotumika kwa ugonjwa wa mwinuko milimani, hupigwa pampu ya mguu hata ukishajaa, kwa sababu hiyo hiyo. Una vali inayofunguka yenyewe shinikizo likizidi.

Kompresa ya pancha hubeba shinikizo kubwa mno kwa kazi hii, na geji yake haisomi vizuri viwango vidogo hivyo. Halafu 0.3 si kidogo: kila mita ya mraba ya turubai inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani tatu. Zipu ya mkoba haitahimili. Ikipasuka, shinikizo hushuka ghafla, na mtu aliyebana pumzi anaweza kuumia mapafu.

Umeme ukikatika?
Hewa safi inakoma. Mama atolewe mara moja, na lazima aweze kujifungulia mwenyewe kutoka ndani. Mfuko unaofungwa kwa nje tu ni mtego.

Tukiongeza oksijeni ya mtungi?
Hapana, kabisa. Cheche moja ndani ya oksijeni nyingi inatosha. Januari 1967 wanaanga watatu wa chombo cha Marekani, Apollo 1, walikufa kwa moto wa namna hiyo wakiwa bado ardhini.

Na masikio?
Huuma shinikizo likipanda haraka. Mwenye mafua au tatizo la mapafu ndiye aliye hatarini zaidi.

Basi tufanye nini?
Msiushone. Mpelekeni mama hospitali wiki hii, wampime sukari na mzunguko wa damu mguuni, wasafishe kidonda na kuondoa nyama iliyokufa. Asikanyagie mguu huo wala asitembee peku. Mguu ukivimba, ukinuka, ukibadilika kuwa mweusi, au akipata homa, msisubiri kesho: mpelekeni siku hiyo hiyo, hata usiku.