Una mimba, presha iko juu, fizi zinatoka damu: maneno ya mtaani na ukweli

Hapa Tanga ukiwa na mimba na presha halafu fizi zikaanza kutoka damu, basi kila mtu daktari, kuanzia mashoga zako wa Ngamiani mpaka muuza duka la dawa. Na wengi watakwambia hivyohivyo, shosti usiguse meno mpaka ujifungue.

Wanachoogopa zaidi ni ganzi, eti itamdhuru mtoto na presha itapaa. Lidokeini, ganzi inayotumika sana kwenye meno, wajawazito wanachomwa miaka nenda rudi na inaonekana ni salama. Mara nyingi inachanganywa na adrenalini kidogo, dawa inayobana mishipa ya damu na inaweza kupandisha presha, sasa mwenye presha daktari anampunguzia hiyo adrenalini au anatumia ganzi isiyokuwa nayo kabisa, na anachoma polepole asije akaingiza kwenye mshipa wa damu. Kinachosahaulika ni kwamba maumivu na woga navyo vinapandisha presha!

Ila lazima upimwe presha kabla hujakaa kwenye kiti, na uende na kadi ya kliniki. Ikisoma 160/110 au zaidi, kusafisha meno kunasubiri, wewe ni wa kuwahishwa Bombo au hospitali iliyo karibu. Hivyohivyo kama kichwa kinagonga sana, macho yanaona ukungu au tumbo linauma juu kwa upande wa kulia, hapo tunaogopa kifafa cha mimba, fizi baadaye.

Kusubiri ujifungue nako si sahihi. Mwezi wa nne mpaka wa sita wa mimba ndo unakuwa na nafuu ya kukaa kwenye kiti, lakini jino lenye usaha linatibiwa mwezi wowote. Tumbo likishakuwa kubwa usilale chali muda mrefu, linakandamiza mishipa mikubwa na unaweza kuzimia, waambie wakukunjie khanga waiweke chini ya nyonga ya kulia ili uegemee kushoto kidogo, basi.

Halafu wapo wa upande wa pili, wanakuahidi ukisafisha fizi tu presha inashuka. Jamani. Ni kweli tafiti nyingi zimekuta ugonjwa wa fizi na kifafa cha mimba vinaandamana, lakini kuandamana siyo kusababisha. Marekani walitoa matokeo mwaka 2006, wajawazito 823, wengine wakatibiwa fizi kabla ya kujifungua na wengine baada, fizi zilipata nafuu na matibabu hayakuleta madhara, ila watoto njiti hawakupungua. Kwa hiyo tibu fizi kwa sababu zinaumwa, na dawa yako ya presha, kama methyldopa, endelea kumeza. Nifedipine, nayo ya presha, inaweza kuvimbisha fizi kwa baadhi ya watu, mwambie daktari, usiiache kimyakimya.

Dukani kuwa makini na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kupandisha presha na baada ya wiki 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto, paracetamol ndo kimbilio. Tetrasaikilini, ile antibiotiki, usiguse, inatia rangi meno ya mtoto.

Ati mtoto anafyonza kalsiamu kwenye meno ya mama? Hapana, anapata kwenye chakula chako, kikipungua inatoka kwenye mifupa.

Na maji ya chumvi ya kusukutua hayapandishi presha maana unatema, humezi. Ila ukoga ulioganda hayautoi, huo unabanduliwa na vifaa vya daktari.