Spini ya kobalti: sumaku peke yake haitoshi

LaCoO3, oksidi ya lanthani na kobalti, imewagombanisha wanafizikia tangu miaka ya 1950. Ugomvi ni juu ya spini, yaani usumaku mdogo wa asili ambao kila elektroni huubeba. Kila ioni ya kobalti humo ina elektroni sita kwenye ganda la 3d. Zikipangika zote jozi kwa jozi, spini ya jumla (S) inafutika: S=0, yaani hali ya spini ya chini. Nne zikikosa wenza, S=2, hali ya spini ya juu. Katikati ipo S=1, elektroni mbili tu hazina wenza, na ugomvi mwingi unaihusu hiyo.

Dhana: Pima usumaku, utaijua spini.

Ukweli: Usumaku unakupa wastani wa ioni zote kwa pamoja. Chukua hesabu ya spini tupu, ambapo mraba wa momenti (nguvu ya usumaku wa ioni moja) ni 4S(S+1). Kwa S=2 unapata 24, kwa S=1 unapata 8. Sasa tuseme theluthi moja ya ioni ziko S=2 na zilizobaki ziko S=0: wastani ni 8 vilevile. Mchanganyiko huo na fuwele yenye S=1 tupu vinatoa jibu moja, na hakuna sumaku itakayokutenganishia.

Tena, LaCoO3 karibu haina usumaku kwenye baridi kali, kisha unapanda hadi kilele karibu na kelvini 100. Ukishuka chini zaidi, mchoro huinuka upya. Mkia huo hutokana na uchafu na uso wa sampuli, lakini wapo wanaoukokotolea spini ya kobalti kwa moyo mkunjufu.

Dhana: Eksirei huiona spini yenyewe.

Ukweli: Haiioni, inaona athari zake. Katika utoaji wa mstari wa Kβ, yaani eksirei ambazo atomu yenyewe hutoa, elektroni ya 1s (ganda la ndani kabisa) hung'olewa na ya 3p (ganda la nje zaidi) hushuka kuziba nafasi yake. Pengo linalobaki 3p linaathiriwa na elektroni za 3d zisizo na wenza, na kwenye mchoro wa eksirei hizo kibonge kidogo kinajitokeza upande wa nishati ya chini. Spini ikiwa kubwa, kibonge hukua. Njia hii haihitaji sumaku, na eksirei ngumu (zenye nishati kubwa) hupenya almasi, ndiyo maana mwaka 2003 James Badro na wenzake waliweza kukibana kati ya almasi kipande cha oksidi ya magnesi na chuma, (Mg,Fe)O, na kuona kibonge cha chuma kikitoweka kati ya gigapaskali 60 na 70, mgandamizo wa kina kirefu ndani ya dunia.

Tatizo ni kwamba kibonge hupungua pia metali inapogawana elektroni zaidi na oksijeni. Kwa hiyo sampuli ya kulinganishia iwe na metali ileile, chaji ileile na majirani walewale, la sivyo unalinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Dhana: Urefu wa vifungo unatosha.

Ukweli: Kobalti ya S=0 ina nusukipenyo cha angstromu 0.545, ya S=2 ni 0.61. Tofauti ipo, ila joto nalo hutanua fuwele. Ni ushahidi wa pembeni.

Dhana: S=1 ilishathibitishwa mwaka 1996.

Ukweli: Kazi ya mwaka huo, ya Korotin na wenzake, ilikuwa hesabu za kompyuta, si kipimo. Mwaka 2002 kipimo cha resonansi ya spini za elektroni kilitoa g (namba inayoonyesha jinsi ioni inavyouitikia uga wa sumaku) ya takriban 3.4, spini tupu ingetoa karibu 2. Mzunguko wa elektroni kwenye obiti unachangia sana, jambo linaloelekea zaidi S=2. Mwaka 2006 Haverkort na wenzake walitumia ufyonzaji wa eksirei laini (zenye nishati ndogo) pamoja na tofauti yake kwenye uga wa sumaku, wakaona mchanganyiko wa S=0 na S=2, huku S=2 ikiongezeka kadiri joto linavyopanda. Mimi naegemea upande huo, ingawa karibu na kelvini 500, oksidi inapoanza kupitisha umeme kama metali, mabishano bado ni moto.

Na ukisoma ripoti yoyote ya eksirei laini, angalia walikusanya nini. Wakihesabu elektroni zinazoruka nje, wanapima nanomita chache tu za juu, na uso wa LaCoO3 una tabia zake. Fuwele ipasuliwe humohumo ndani ya ombwe.