Yaoshang si Holi, na mengine yanayokosewa kuhusu sikukuu za Manipur

Kazi yangu ni kupanga safari za India. Siku hizi wapo wateja wanaotaka kuongeza siku chache za Manipur, kule kaskazini mashariki mpakani na Myanmar. Nafurahi sana. Ila swali linalofuata ni lile lile kila mara, na limenichosha: "Si Holi na Diwali zile zile za Wahindu, majina tu ndiyo tofauti?"

Hapana, na mwenye kwenda na wazo hilo atarudi hajaona kitu.

Yaoshang, sikukuu ya Wameitei wa bonde la Imphal, huanza siku ya mwezi mpevu katika Lamta, mwezi wa kalenda yao unaoangukia kati ya Februari na Machi, sawa na Holi. Hapo ndipo watu wanapopotea. Rangi hurushwa, sikatai. Uvaishnava, ibada ya Kihindu ya Vishnu na Krishna, nao upo: mfalme Pamheiba aliufanya dini ya ufalme mwanzoni mwa karne ya 18, na kibanda cha mianzi na nyasi kinachochomwa jioni ya kwanza huombewa kwa jina la Chaitanya, mtakatifu wa Bengal. Lakini subiri moto uzimike uone siku zinazofuata. Watoto hupita nyumba kwa nyumba wakidai nakatheng, hela ya sikukuu. Kila mtaa huandaa mashindano ya michezo, mbio na kuvuta kamba, wazee nao wamo. Usiku ni thabal chongba: vijana wa kiume na wa kike hushikana mikono na kuzunguka duara kwa hatua za kurukaruka. Hiyo huikuti katika Holi ya Delhi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi nao unahusishwa na Nairuzi ya Uajemi, na kibanda huchomwa vilevile, lakini nani atamwambia Mmakunduchi kwamba anasherehekea sikukuu ya Wairani?

Anayetaka kuona kilichokuwepo kabla ya Uvaishnava aende Lai Haraoba, sherehe ya kuwafurahisha miungu wa kale wa Kimeitei. Hufanyika baada ya mwaka mpya wao, Sajibu Cheiraoba, hasa Aprili hadi Juni. Mwanzoni miungu huitwa kutoka majini. Msafara hushuka mtoni au bwawani, na maibi, makuhani wa kike waliovaa nyeupe, ndio wenye shughuli. Vipande vidogo vya dhahabu na fedha huachwa vizame. Maibi hutikisa kengele ndogo, na pembeni mzee hupiga pena, zeze la uzi mmoja. Nyuzi za pamba zilizofungwa kwenye vyungu huteremshwa majini, na mungu hupanda kwa nyuzi hizo. Siku zinazofuata maibi hucheza mlolongo unaoitwa laibou: mikono yake huumba mwili wa binadamu kiungo kwa kiungo, halafu hujenga nyumba, hupanda pamba, hufuma nguo. Hata Rasa Lila, ngoma ya Krishna iliyoanzishwa na mfalme Bhagyachandra mwaka 1779, ilichota miondoko yake hapa. Kwa hiyo anayesema Manipur imeiga tu, ameishika habari kichwa chini miguu juu.

Ushauri wangu, na sichoki kuurudia: usikate tiketi kabla ya kuuliza tarehe za mahali penyewe. Kila eneo lina miungu wake na siku zake. Ukiweza, chagua Moirang, kando ya ziwa Loktak, kwa mungu Thangjing. Keti chini, vua viatu, weka simu mfukoni.

Sasa makosa mengine ninayoyasikia.

"Ningol Chakkouba ndiyo Diwali yao." Huja tu siku chache baada ya Diwali. Ni siku ya binti aliyeolewa kualikwa kwao na kaka zake, ale ashibe, arudi kwake na zawadi. Samaki hutafutwa Imphal nzima.

"Maibi ni wachawi." Ni makuhani walioitwa na mungu na kufunzwa na maibi wakongwe. Tafadhali msiwaite hivyo.

"Makabila ya milimani yote hukutana Hornbill." Hornbill ni tamasha la serikali ya Nagaland, jimbo jingine, lililoanza mwaka 2000. Wanaga wa Manipur wana Lui-Ngai-Ni, ya kupanda mbegu, tarehe 14 na 15 Februari. Wakuki na jamaa zao wana Kut ya mavuno, Novemba 1. Wazeliangrong wana Gaan-Ngai, baada ya mavuno, ambapo moto mpya huwashwa kwa kupekecha.

"Ukristo umeziua sikukuu hizi." Wanaga na Wakuki wengi ni Wakristo, na Kut leo hufunguliwa kwa sala. Iko hai.

La mwisho ni "kote ni furaha tu". Tangu Mei 3, 2023 mapigano kati ya Wameitei na Wakuki-Zo yameua watu zaidi ya 200 na kuwahamisha makumi ya maelfu. Wapo wanaoifikia sikukuu wakiwa kambini. Usimwombe Mmeitei wa Imphal akupeleke Churachandpur, kwa Wakuki-Zo, kuona Kut. Barabara hiyo kwake si salama. Na tangu Desemba 2024 mgeni kutoka nje ya India anatakiwa tena kuwa na kibali maalumu cha kuingia Manipur, kwa hiyo anza na kibali, ndipo tuzungumze tarehe.