Mtoto naye hupata sonona

“Mtoto ana nini cha kuwaza? Hata bei ya mchele haijui.” Kauli hii imekaa midomoni mwetu, Unguja na Pemba, miaka na miaka, na imewacheleweshea watoto wengi matibabu. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata hata walio chini ya miaka 10. Ila si lazima ije kwa machozi. Mara nyingi huja kwa hasira: akiulizwa neno anafoka, asubuhi ya skuli tumbo linamuuma, boflo limelowa kwenye chai mpaka likakatika naye hajaligusa. Sisi tunasema anadeka, au kachezewa na wachawi.

Ipo tiba ya mazungumzo inayoketisha familia nzima. Mshauri hatafuti mkosaji. Hilo nalisisitiza, maana kina mama wengi wanaogopa kulaumiwa. Mama anajizoeza kuacha “Mbona umenuna?” na kusema “Leo nakuona kimya, mwanangu, nipo hapa.” Mtoto naye anajifunza kulitaja linalomuuma.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu watoto 134 wa miaka 7 hadi 14. Waliotibiwa pamoja na familia, takriban 78 kwa kila 100 walipata nafuu ya kutosha; waliokaa na mshauri peke yao, 60.

Kisomo na dua viendelee. Lakini hali ikidumu wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya cha karibu. Si lazima kuanzia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, ambayo jina lake linawatisha wengi. Na baba naye aende.