Hospitali ya Kujifungulia: Namna ya Kuusikiliza Ushuhuda wa Akina Mama

Hapa Mombasa, mwenye mimba ya kwanza huanza kusikia habari za hospitali kabla hata hajapewa kitabu cha kliniki. Mama mkwe ana hospitali anayoiamini, wifi ana yake, jirani wa Kisauni anaapa kwamba mahali fulani hatarudi tena, na kila wanawake wanapokwenda kumtazama mzazi ndani ya arobaini yake, habari ya leba husimuliwa upya tangu uchungu uliposhika hadi mtoto alipolia. Sisi tunaowafundisha wajawazito hatuna sababu ya kuzibeza habari hizo, kwani mna mambo ndani yake yasiyoandikwa katika ripoti yoyote ya hospitali. Tatizo ni kwamba msikilizaji huzipokea zote kwa uzito mmoja. Mama aliyejifungua ni shahidi mzuri sana wa jinsi alivyotendewa, lakini ni shahidi dhaifu wa uwezo wa hospitali kukabili dharura ambayo yeye hakuipata.

Tuanze na lile analolijua vyema. Hakuna awezaye kumshinda kueleza kama alisemeshwa kwa adabu au alikaripiwa, kama pazia lilivutwa alipokuwa akipimwa njia, kama alilala kitandani peke yake au walilazwa wawili, na kama mkunga alipita kumtazama au alingoja hadi aitwe. Majibu yenye faida hupatikana kwa kuuliza yaliyotendeka, si maoni. Ukimuuliza mwenzio kama hospitali ni nzuri, atakujibu kwa moyo wa mtu aliyeondoka na mtoto mzima mikononi, na furaha hiyo hufunika mengi. Wako wanaoanza kuyataja yaliyowaudhi miezi kadhaa baadaye. Muulize badala yake: ni nani aliyekuwa nawe wakati wa uchungu, na je, aliruhusiwa kukaa hadi mwisho? Uliweza kunywa maji na kutembea, au uliamriwa kulala chali tangu mwanzo? Kama uliongezwa njia, yaani ulichanwa kidogo ili mtoto apate kupita, uliambiwa sababu na kudungwa ganzi kwanza? Yuko aliyekukandamiza tumbo ili mtoto atoke? Uliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya saa ngapi?

Maswali hayo yana msingi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu huduma wakati wa kujifungua, na humo lilitaka kila mwanamke awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, asiye na matatizo aruhusiwe kula, kunywa na kuchagua mkao, njia isiongezwe kwa kila mzazi kama desturi tu, na tumbo lisikandamizwe kwa mikono kumsukuma mtoto. Shirika hilo hilo hushauri kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo abaki kituoni angalau saa 24, kwa sababu hatari ya kutokwa na damu nyingi ni kubwa zaidi katika muda huo. Kwa hiyo akina mama watatu waliozaa mahali pamoja kwa nyakati tofauti wakikwambia kwamba walitolewa baada ya muda wa saa sita tu kwa kukosa vitanda, umepata habari ambayo tangazo la hospitali halitakupa.

Upande wa pili ndio unaowapoteza wengi. Uzazi mwingi huenda salama, tena huenda salama hata mahali ambapo maandalizi ni haba, kwa hiyo masimulizi kumi ya waliofika, wakazaa na wakarudi nyumbani hayathibitishi kwamba hospitali hiyo ingeweza kumwokoa wa kumi na moja. Aidha, baadhi ya wale ambao mambo yaliwaharibikia hawapo tena kusimulia, na familia zao aghalabu hunyamaza kwa uchungu au kwa kumwachia Mungu.

Kwa miaka mingi wataalamu wa afya ya uzazi wamepima utayari wa kituo kwa huduma saba za dharura: sindano za antibayotiki, dawa za kukaza mfuko wa uzazi, dawa za kuzuia kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono likigoma kutoka, kusafisha mabaki yaliyosalia ndani, kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kumvuta, na kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa amechoka. Hospitali inayotoa huduma kamili huongeza mbili, yaani upasuaji na kuongeza damu, na hizo mbili mimi huzipa uzito kuliko rangi za kuta na runinga iliyo chumbani. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya wazazi duniani. Nusu lita au zaidi huhesabiwa kuwa hatari, na damu hiyo inaweza kumwagika ndani ya dakika chache kwa mama ambaye saa moja kabla alikuwa akicheka na wenziwe. Swali la kuipelekea hospitali, basi, haliishii kwenye kuwepo kwa thieta. Uliza kama saa nane za usiku, Jumapili, daktari wa upasuaji na mtaalamu wa ganzi huwa ndani au huitwa kutoka majumbani kwao, na kama damu huwekwa hapo hapo au hufuatwa kwingine.

Ukimpata mama aliyepatwa na dharura katika hospitali unayoifikiria, huyo msikilize kuliko wote, hata kama habari yake inatisha. Ilichukua muda gani tangu alipoambiwa atapasuliwa hadi alipoingizwa thieta? Ndugu zake walitumwa nje kutafuta dawa? Ikiwa alihamishwa, alisafirishwa kwa ambulensi pamoja na muuguzi, au aliandikiwa barua na kuachwa atafute tuktuk?

Kuna pia habari za kweli ambazo hutafsiriwa vibaya, na mfano ulio wazi ni ule wa kusema kwamba hospitali fulani inapenda kupasua. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna sababu ya eneo lolote kuwa na upasuaji unaozidi asilimia 10 hadi 15 ya uzazi, na kipimo hicho kimetajwa kila mahali tangu hapo. Lakini kilihusu jamii nzima, si hospitali moja moja. Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo wenyeji wengi tunaiita Makadara, hupokea wanawake walioletwa kutoka Kwale, Kilifi na kaunti nyingine za Pwani wakiwa tayari wana kifafa cha mimba, kondo lililotangulia likaziba njia ya mtoto, au mtoto aliyekwama. Hospitali ya namna hiyo itakuwa na pasuaji nyingi na misiba mingi kuliko zahanati inayowahamisha wagonjwa wake kabla mambo hayajawa mabaya, na hilo pekee halimaanishi kwamba huduma yake ni duni. Lenye maana zaidi ni kama mama asiye na tatizo lolote lililojulikana alipasuliwa, na kama alielezwa sababu kwa maneno aliyoyafahamu kabla ya kutia sahihi.

Ushuhuda una umri wake. Wauguzi huhamishwa, wodi hukarabatiwa, msimamizi mmoja mkali akistaafu tabia ya zamu nzima inaweza kubadilika. Katika gharama ndiyo usiseme: aliyezaa mwaka 2022 atakusimulia Linda Mama, ule mpango wa kuzaa bila malipo chini ya NHIF, bima ya afya ya taifa, ilhali tangu Oktoba 2024 bima hiyo imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ambako mchango wa mwaka lazima uwe umelipwa kwa asiye na ajira rasmi. Masimulizi yaliyopita miaka miwili yasikilize kwa tahadhari, hata kwa mambo ya tabia na usafi, na habari za malipo ukaziulize katika dawati la SHA la hospitali yenyewe.

Vilevile tazama mimba ya anayesimulia. Mwanamke aliyezaa mtoto wa tatu kwa wepesi hawezi kumwongoza mwenye mapacha, mwenye presha, aliyepasuliwa uzazi uliopita au mwenye kundi la damu la Rh hasi. Hawa wachague hospitali yenye thieta na damu tangu mwanzo, hata kama wauguzi wake wanasifika kwa ukali. Ni maneno magumu kuyasema, maana heshima ni haki na si zawadi, lakini katika mimba ya hatari ningependa mama avumilie ukali wa maneno kuliko akose chupa ya damu.

Yapo mambo ya kwetu ambayo ni ushuhuda tu unaoweza kuyajibu: kama upo uwezekano wa kuhudumiwa na wanawake, kama baba hupewa nafasi ya kumwadhinia mtoto mapema, na kama familia inayotaka zalio, yaani kondo la nyuma, ikalizike nyumbani hupewa bila mabishano. Hayo ulizeni.

Chaguo liwe na la akiba, na njia ihesabiwe. Anayeishi Likoni huku hospitali yake iko kisiwani anategemea feri, na foleni ya feri jioni haijui uchungu. Barabara ya Dongo Kundu inawezesha kuzunguka kwa gari, ingawa ni mwendo mrefu. Kwa hiyo atembelee pia kituo kilicho upande wake, kama vile hospitali ya kaunti ndogo ya Likoni au ya wazazi ya Mrima, akaulize yale yale. Ziara hizo zifanywe kabla ya wiki ya 36, na kwa hospitali ya kibinafsi mtu athibitishe leseni yake katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, iliyo wazi kwa umma mtandaoni.

Zikitokea dalili za hatari, yaani kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona maluweluwe, degedege, maji kuvunjika kabla ya wakati au mtoto kupunguza kucheza, mama aende kituo cha karibu chenye uwezo, kiwe alikichagua au la. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na haimtaki mtu awe amejiandikisha hapo kwanza. Kitabu cha kliniki kiwe mkononi, kwa maana mkunga asiyemjua mama huyo atasoma humo kundi lake la damu, presha yake na habari za mimba zake zilizotangulia.