Mfereji wa Suez: waliochimba na waliofaidi

Sisi wa makumbusho ya bahari huulizwa sana: pale Suez, meli hupandaje jangwani? Hazipandi. Mfereji huu wa Misri unaunganisha Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu, na kima cha bahari hizo mbili karibu ni kimoja, kwa hiyo hakuna malango ya kupandishia meli kama kule Panama. Wapimaji wa Napoleon walikosea hesabu mwaka 1799, wakasema Bahari ya Shamu iko juu kwa karibu mita 10. Hofu ya mafuriko ikadumu mpaka vipimo vya 1847 vilipoiondoa.

Mfaransa Ferdinand de Lesseps alipewa kibali cha kuchimba mfereji na Said Pasha, mtawala wa Misri, mwaka 1854. Kazi ilianza Aprili 1859, na miaka ya mwanzo ilikuwa shokoa tupu, yaani kazi ya kulazimishwa. Wakulima wapatao 20,000 waliswagwa kila mwezi kutoka vijijini, wakachimba kwa majembe na kubeba mchanga kwa vikapu. Ismail, aliyerithi kiti mwaka 1863, alitaka shokoa ikome. Kampuni ya de Lesseps iliyochimba mfereji ikadai fidia, na msuluhishi, Napoleon III wa Ufaransa (usuluhishi wa ajabu huo!), akaamua mwaka 1864 Misri ilipe faranga milioni 84. Milioni 38 kati ya hizo zilikuwa za vibarua tu. Nchi ikatozwa kwa kuwarudisha watu wake mashambani.

Ndipo mashine za mvuke za kuchota mchanga majini zikashika kazi. Mfereji, wenye urefu wa kilomita 164, ukafunguliwa 17 Novemba 1869. Safari ya London hadi Bombay, iliyokuwa kama kilomita 19,800 kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikashuka hadi 11,600 hivi.

Faida hiyo haikumfikia kila nahodha. Meli kubwa za tanga zilisumbuliwa na pepo za Bahari ya Shamu, na ndani ya mfereji zilihitaji kukokotwa. Meli za mvuke ndizo zilizoneemeka, na pwani yetu ikaliona hilo upesi: mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kila mwezi, bila kungoja kusi wala kaskazi.

Misri yenyewe ilizama katika madeni. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia Uingereza hisa 176,602 za kampuni ya mfereji, karibu asilimia 44 ya hisa zote, kwa pauni milioni 4 hivi. Mwaka 1880 ikauzwa hata haki ya Misri ya asilimia 15 ya faida. Miaka miwili baadaye majeshi ya Uingereza yaliingia, na ushuru wa meli ukaendelea kuinufaisha kampuni yenye ofisi kuu Paris, hadi Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alipoitaifisha 26 Julai 1956.