"Too" siyo "sana" jamani

Nafundisha Kiingereza miaka mingi sasa, na kama kuna kaneno kanakowaponza watu wenye msamiati wa kutosha kabisa basi ni hako ka too. Mtu amefurahi sana anaandika I am too happy, msomaji Mwingereza anabaki anasubiri, umefurahi kupita kiasi halafu ikawaje, umeshindwa kulala au?

Chanzo nakiona kwenye mno yetu. Mno inabeba kotekote: nimefurahi mno, hapo hamna ubaya wowote, ila viatu vinabana mno, hapo tayari ni malalamiko. Too haina huo uhuru. Ukiitumia kwa kawaida umeshasema kiasi kimepitilizwa na kuna kitu kimekwama kwa sababu hiyo, ndo maana inapenda kufuatwa na to. Chukua she is too tired to talk. Hakuna not hata moja hapo, lakini maana yake amechoka hadi kuongea hawezi, yani ukanusho wote umejificha kwenye herufi 3 na mimi kila nikiifundisha hii naiona mpya. Very tired haina hiyo nguvu, aliye very tired mnaweza mkapiga naye stori mpaka usiku. Maji ya kuoga yakiwa very hot unaweza ukajikaza ukaoga, yakiwa too hot unayaacha kwanza yapoe.

Kwenye nomino ni too much au too many, hiyo wengi wanaijua. Kwenye kitendo ndo chunga: I love you too ni "na mimi nakupenda", I love you too much ni nakupenda kupita kiasi, na huyo anayeambiwa anaweza akaanza kuogopa.

Halafu kuna misemo inayokwenda kinyume na yote niliyosema, hiyo meza tu kama ilivyo. You are too kind ni shukrani. Not too bad ni nzuri tu. Ngumu kuliko zote ni only too happy to, kwa sababu ina too, ina to, na bado haikanushi chochote. Mwanafunzi wangu mmoja aliomba msaada akajibiwa I would be only too happy to help, akajua kakataliwa kistaarabu, akakaa kimya wiki nzima wakati mwenzie anamsubiri.